Ukiingia na chombo ndani ya visiwa vya Tuamotu

Kwa anayepanga kupita Tuamotu, Polinesia ya Kifaransa: ingieni kwenye ziwa la kisiwa (maji yaliyozungukwa na mwamba wa matumbawe) kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu na nyuma yenu. Mtu mmoja asimame omo, yaani mbele ya chombo, na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Buluu iliyokolea ni kina kirefu, kijani cheupe ni mchanga, na doa la kahawia ni tumbawe. Hilo likwepeni hata kama ramani haioneshi kitu. Wingu likifunika jua, punguzeni mwendo au simameni, maana rangi zote hupotea.

Mlangoni, yaani kwenye uwazi wa mwamba wa kuingilia ziwani, msiamini jedwali la maji kupwa na kujaa peke yake. Mawimbi makubwa ya kusini yakimwaga maji juu ya mwamba, ziwa hujaa na maji hutoka kwa kasi saa nyingi, hata wakati jedwali linasema yanaingia. Mkiona maji yanachemka mlangoni, subirini nje. Hakuna aibu.

Nanga itupeni kwenye mchanga, pembe ya kusini mashariki, kama Hirifa kule Fakarava, ambako upepo wa kawaida haupati nafasi ya kuinua mawimbi. Kisha fungeni maboya madogo kwenye mnyororo, kila baada ya mita chache, ili uelee juu ya matumbawe. Mnyororo unaolala chini hujizungusha kwenye matumbawe upepo ukigeuka, huyavunja, na asubuhi nanga haing'oki.