Somo: Kuiongezea nguvu injini ya pikipiki ya 125 kwa vilima vya Mwanza

Dereva anayetoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa nyuma, akafika kwenye mlima wa Bugando na kulazimika kurudi gia ya kwanza, huja gereji akiwa ameshaamua kwamba injini yake ni ndogo na inahitaji pistoni kubwa. Katika kazi yangu hapa Mabatini nimeona kwamba wengi wao wana injini ya kutosha, ila sehemu ya nguvu yake imepotea kidogo kidogo bila wao kutambua, na ninaamini kwa dhati kwamba si haki kumuuzia mtu spea mpya kabla hajarudishiwa kile alichokuwa nacho. Kwa sababu hiyo somo hili linaanza na kurudisha nguvu iliyopotea, ndipo linaingia kwenye kuongeza.

Injini ninayoizungumzia ni ile ya fimbo za kusukuma valvu, aina ya CG125, ambayo Honda walianza kuitengeneza nchini Brazili mwaka 1976 na ambayo viwanda vya China vimeinakili kwa majina mengi tunayoyaona barabarani. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 124. Wenye Boxer na TVS, ambazo kamshafti yake iko juu na huzungushwa na cheni, watumie kanuni hizi hizi lakini wachukue vipimo kutoka kwenye kitabu cha pikipiki yao.

Kabla ya kushika spana, fahamu mahali tulipo. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Pistoni inaposhuka huvuta hewa nyepesi kuliko ile ya pwani, lakini kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi kile kile, na matokeo yake mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inashika masizi, na injini inapanda mlima kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Hasara ya hewa yenyewe hatuwezi kuifuta, ila hii ya petroli iliyozidi tunaweza kuirekebisha kwa gharama ya jeti moja, yaani kile kipande chenye tundu dogo kinachopima petroli ndani ya kabureta.

Hatua ya kwanza ni kupima mgandamizo, yaani jinsi pistoni inavyoibana hewa ndani ya silinda. Washa injini ipate joto, ifungue plagi, funga geji, fungua mkono wa mafuta hadi mwisho na upige kiki mara sita au saba hadi mshale usimame. Injini nzima ya aina hii, hapa kwetu, inapaswa kusoma bar 9 au zaidi. Ikisoma chini ya 8, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi kisha upime tena: mshale ukipanda sana, ringi au silinda imekwisha, na usipopanda, hewa inavuja kwenye valvu au gasketi ya hedi, yaani kichwa cha silinda. Kipimo hiki huchukua dakika kumi, na kwa maoni yangu fundi asiyekifanya anafanya kazi kwa kubahatisha na fedha ya mwenzake.

Hatua ya pili ni nafasi ya valvu, yaani pengo dogo kati ya valvu na roka inayoibonyeza, ambayo hurekebishwa injini ikiwa imepoa kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo na alama ya T ya magneti ikiwa sambamba na alama ya kifuniko. Kwa injini hizi nafasi huwa kati ya milimita 0.05 na 0.08, na upimaji wake ni kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia mapengo, kwa kuwa sikio haliwezi kutofautisha sehemu za mia za milimita. Madereva wengi huomba valvu zibanwe ili injini isipige kelele, bila kujua kwamba valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, na ile ya ekzosi, ambayo hupoza joto lake kwa kukaa kwenye kiti chake, huungua ukingo.

Hatua ya tatu ni hedi, na hapa ndipo nguvu halisi inapatikana. Iondoe, safisha masizi, kisha saga valvu kwa pasta hadi uone mstari wa kijivu usiokatika kuzunguka kiti chote. Ukishazirudisha na springi zake, mimina petroli kwenye njia ya kuingilia na ile ya kutokea, usubiri dakika tano. Ikichuruzika kwenye chumba cha mwako, rudia kusaga. Baada ya hapo kagua pale ambapo kabureta inaungana na hedi kupitia kile kiungo cheusi cha plastiki, kwa sababu katika hedi nyingi za kunakili matundu hayo hayalingani na kuna ngazi ya milimita moja au mbili inayokatisha mkondo wa hewa. Ichonge ngazi hiyo hadi kidole kipite bila kukwama, na uishie hapo. Njia ya kuingilia haihitaji kung'arishwa kama kioo, na anayeipanua ovyo hupunguza kasi ya hewa katika mizunguko ya chini, yaani pale pale ambapo dereva wa mlimani anaihitaji.

Ukiwa umeifungua hedi, unaweza kupandisha uwiano wa mgandamizo kidogo. Tuseme uwiano wake wa kiwandani ni 9.0 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni sentimita za ujazo 15.5. Ukikereza uso wa hedi kwa milimita 0.3, unapunguza kama 0.75 kwenye nafasi hiyo na uwiano unafika karibu 9.4, pengine chini kidogo kwa hedi ambazo chumba chake ni chembamba kuliko silinda. Kazi hii ifanyike kwenye mashine ya kukerezea, kamwe isifanywe kwa kusugua juu ya sementi. Kabla ya kufunga moja kwa moja, weka kipande cha udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi pamoja na gasketi, zungusha injini taratibu kwa mkono mizunguko miwili, kisha ufungue na kukata udongo huo kwa wembe: pale valvu ilipobonyeza, unene uliobaki usiwe chini ya milimita 1.5 kwa valvu ya kuingiza na 2 kwa ile ya ekzosi. Mwanzoni mwa kazi yangu niliwahi kuacha kipimo hiki kwa haraka ya mteja, na valvu ikapinda siku hiyo hiyo kwenye barabara ya Nyegezi. Gharama nililipa mimi, na tangu siku hiyo udongo huo hautoki kwenye boksi langu la spana. Mwishoni kaza nati za hedi kwa mkingamo, kwa awamu tatu, ukitumia spana ya torki, na upime upya nafasi ya valvu, kwa kuwa hedi iliyoshuka huzisogeza roka karibu na fimbo.

Hatua ya nne ni kabureta. Hakikisha floti, yaani boya la petroli, iko kwenye kimo chake na matundu yote yamepulizwa, kisha jaribu jeti kubwa (jeti kuu ya kabureta) yenye namba iliyo hatua moja chini ya ile uliyoikuta. Jaribio linafanyika mlimani, kwa gia ya tatu, mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kikamilifu kwa sekunde kadhaa. Ukifika juu, mahali ambapo hakuna gari nyuma yako, kamata klachi na uzime injini kwa pamoja, usimame pembeni na kufungua plagi. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ndiyo tunayoitafuta. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli kuzidi, na nyeupe ni hatari, kwa sababu mchanganyiko mwepesi hupandisha joto hadi kutoboa pistoni, kwa hiyo rudi mara moja kwenye jeti ya namba ya juu zaidi. Sailensa, yaani mwendo wa injini mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, na skrubu ya hewa virekebishwe mwishoni, injini ikiwa ya moto.

Hatua ya tano haigusi injini kabisa, nayo ndiyo ninayomshauri kwanza mtu mwenye fedha kidogo. Sproketi ya mbele ya meno 15 na ya nyuma ya meno 38 hutoa uwiano wa 2.53. Ukiweka ya mbele ya meno 14, unapata 2.71, na nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa asilimia 7 katika kila gia. Mwendo wa juu kabisa utapungua kwa kiasi kama hicho, jambo ambalo anayefanya kazi kati ya Igogo, Isamilo na Bugando hatalihisi, lakini anayekwenda Usagara na kurudi kila siku atalilalamikia.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Sengerema: Shikamoo fundi. Nimetoa boksi la filta nikafunga filta ya wazi, sasa pikipiki inakohoa ninapofungua mafuta ghafla. Tatizo ni nini?

Jibu: Marahaba. Hewa imeongezeka na petroli imebaki ile ile, hivyo mchanganyiko ni mwepesi. Unaweza kupandisha jeti kubwa hatua mbili na kuinua sindano ya slaidi mkato mmoja, lakini ushauri wangu ni kurudisha boksi. Vumbi la barabara zetu za mitaani likipita kwenye filta hafifu hukwangua silinda, na faida ndogo uliyoipata itaondoka pamoja na ringi.

Mwanachama wa Igoma: Kaka, naweza kuweka pistoni ya milimita 62 ili iwe 150?

Jibu: Hesabu inakubali, kwa kuwa 62 kwa mwendo wa 49.5 ni sentimita za ujazo 149. Lakini ukiiacha ile nafasi ya 15.5 juu ya pistoni, uwiano unaruka hadi 10.6, na kwa petroli ya kawaida na mzigo mzito injini inayopozwa kwa hewa itaanza kugonga, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati wake. Utahitaji hedi ya 150 na bloku yake (silinda yenyewe), na uhakikishe shingo ya bloku inaingia kwenye krankikesi, yaani boksi la chini la injini, bila kulazimishwa. Kumbuka pia kwamba kadi ya pikipiki inaonyesha ujazo wa injini, hivyo mabadiliko hayo yapelekwe TRA yaandikwe. Na breki za duara zilizochakaa zibadilishwe kabla ya bloku. Hilo silijadili na mteja yeyote.

Mwanachama wa Ukerewe: Huku kwetu wengine huchanganya mafuta ya taa kidogo kwenye petroli, wakisema injini inakuwa na nguvu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, dada yangu. Mafuta ya taa hushusha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema, na injini uliyoipandisha uwiano ndiyo itakayoumia kuliko zote. Pia huacha masizi kwenye valvu na kuifanya oili kuwa nyepesi. Kama tanki limeshachanganywa, limwage lote kabla ya kupanda mlima wowote.

Mwanachama wa Buhongwa: Baada ya kuchonga silinda na kuweka ringi mpya, nisubiri kilomita ngapi kabla ya kubeba abiria?

Jibu: Badilisha oili ya kwanza ukifika kilomita 300, kwa kuwa ina chembe za chuma. Hadi kilomita 800 epuka mizigo mizito na usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu, panda na kushuka ili ringi zikae. Abiria mmoja kwenye barabara tambarare anaruhusiwa baada ya ile oili ya kwanza. Ukifika 800, pima tena nafasi ya valvu na mgandamizo, na uandike namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe.