Namna ya kumsikiliza Steve Hackett jukwaani

Steve Hackett alipiga gitaa katika Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1977, na nyimbo za miaka hiyo bado anazipiga kwenye ziara zake. Wapo wanaotoka ukumbini wakisema tu kwamba "mzee anapiga vizuri". Hawajakosea, ila wamepitwa na mengi. Uhodari wake hauko kwenye kasi, kwa hiyo anayesubiri vidole vikimbie atangoja sana.

Anza na maandalizi. Wiki moja kabla ya onyesho, sikiliza albamu tatu: Nursery Cryme (1971), Foxtrot (1972) na Selling England by the Pound (1973). Usizicheze huku unafanya kazi nyingine. Chagua wimbo mmoja, Firth of Fifth, uusikilize hadi uweze kuuimba kwa mluzi. Kwanza fluti inaleta lahani, na baadaye, baada ya sehemu ya kibodi, gitaa linaichukua na kuivuta polepole. Usipoishika lahani ile inapopigwa na fluti, solo ya gitaa itakuwa kwako sauti nzuri tu. Ukiishika, utasikia mtu akilichukua wazo lilelile na kulikuza.

Kuhusu mahali pa kukaa, safu ya mbele kabisa hupendwa kuliko inavyostahili. Pale unapigwa na dramu na spika za jukwaani moja kwa moja, huku spika kubwa za ukumbi zikikupita pembeni au juu ya kichwa; sauti ya mwimbaji na kibodi hufifia. Kama unaweza kuchagua, kaa katikati, karibu na meza ya fundi sauti, kwa kuwa yeye huchanganya sauti kulingana na anachosikia pale alipo. Beba viziba masikio vya kupunguza desibeli 15 hadi 20 kwa usawa. Vile vya sponji hukata zaidi sauti za juu, na humo ndimo utamu wa gitaa lake ulimo.

Sasa mikono na miguu. Hackett ana noti ndefu ambayo haifi. Kwa kawaida uzi wa gitaa ukishachapwa, sauti huanza kupungua papo hapo. Yeye hutumia gitaa lenye kifaa cha sumaku kinachoendelea kuutikisa uzi, kwa hiyo noti hukaa kadiri anavyotaka. Tazama mkono wa kushoto wakati huo: kidole hakihami, kinatikisika tu juu ya uzi, na uhai wote wa noti unatoka hapo. Ukisikia noti inakua taratibu bila mwanzo wowote, kama fidla, angalia mguu. Mara nyingi ni pedali ya sauti, inayoficha ule mchapo wa kwanza. Katika The Return of the Giant Hogweed, mkono wa kulia unahamia kwenye shingo ya gitaa na kugonga nyuzi juu ya freti, vile vyuma vya shingoni. Wengi huifungamanisha mbinu hii na mpiga gitaa Eddie Van Halen, ambaye albamu ya kwanza ya bendi yake ilitoka 1978. Hogweed ni ya 1971.

Kosa linalowaudhi wenzako zaidi ni kupiga makofi ovyo. Wimbo wa Supper's Ready una takriban dakika 23, na ndani yake mna vituo vya kimya ambavyo si mwisho. Sehemu inayoitwa Apocalypse in 9/8 huhesabiwa hivi: moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili-tatu-nne. Jumla ni tisa. Anayepiga makofi kwa nne atajikuta nje ya mdundo kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha, na atawatoa na jirani zake. Hesabu kwa kidole pajani, inatosha. Horizons nayo, ya gitaa la akustika peke yake, haifiki dakika 2. Ukianza kutafuta simu urekodi, imekwisha.

Usiinuke Supper's Ready inapokaribia kuisha. Kwenye rekodi mwisho wake hufifishwa taratibu, lakini jukwaani hawezi kufanya hivyo, basi huurefusha kwa solo. Hapo ndipo mashabiki wa zamani husimama.

Na ukitaka kumsifu kesho yake mbele ya wanaojua, taja mahali: noti ipi aliishikilia, aliiachia lini, fluti ilimwachia vipi nafasi. "Alikuwa moto" haimpi mtu cha kujibu. Lakini sema "safari hii aliichelewesha ile noti ya juu kabla ya kuingia", na mazungumzo yataenda hadi usiku.