Jinsi ya kupata pesa za kuwalisha wazee wa mtaa bure, kwa mazingira ya Kigoma

Kuna kina mama wa Ujiji wanaowapikia wazee wa mtaa wao chakula cha mchana kila Alhamisi, nami nimekuwa nikiwasaidia upande wa fedha. Vikundi vya Mwanga na Gungu vinaniuliza maswali yale yale, kwa hiyo naweka utaratibu wote hapa. Kupika mnajua wenyewe, huko sigusi.

Hatua ya 1: Orodha

Pitieni kwa mabalozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa, andikeni wazee wa miaka 60 na kuendelea wanaoishi peke yao au wanaolea wajukuu. Wasioweza kutembea wawekeeni alama, maana sahani zao zitapanda bodaboda na bodaboda ni gharama.

Hatua ya 2: Bei ya sahani moja

Msikadirie kwa macho. Kilo ya unga inatosha wazee watano, kilo ya maharage wanane hadi kumi. Wazee 30 maana yake unga kilo 6 na maharage kilo 3 na nusu hivi. Ongezeni mawese, mboga, chumvi kidogo (wengi wana presha) na mkaa. Andikeni bei za sokoni za siku hiyo, jumlisheni, gawanyeni kwa 30.

Dagaa ndio wanaovuruga hesabu. Ziwani wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika na bei ya mwaloni Kibirizi inapanda. Kuna na kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Nunueni wakavu wakati wa giza, wa kutosha wiki za mbele, na chagueni waliokaushwa juu ya chanja hata kama bei imezidi. Wa mchangani ni rahisi, lakini chukua konzi moja, sugua kiganjani, halafu tazama kinachobaki. Mzee mwenye meno manne umwambie atafune kile? Mtawaosha mara tatu, na maji nayo mnanunua.

Hatua ya 3: Usajili

Kikundi cha kijamii kinatosha, kinasajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Msikimbilie kusajili NGO kwa ajili ya sufuria mbili. Mtaishia kuandika ripoti badala ya kupika.

Kuna anayewashauri mwombe ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Mgawo wake ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo, na isitoshe ule ni mkopo. Sahani ya bure itarejesha nini?

Hatua ya 4: Akaunti ya benki

Hapa ndipo vikundi vinapokwama, kwa hiyo someni polepole.

Benki itataka cheti cha usajili, katiba, barua ya utambulisho, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti, picha na vitambulisho vya NIDA vya watia saini. Karatasi zote mtakuwa nazo, na bado mtarudishwa, kwa sababu ya majina. Kwenye muhtasari mnaandika "Mama Shabani" kwa kuwa ndivyo anavyoitwa tangu mtoto wa kwanza. NIDA ina majina matatu ambayo hata jirani yake hayajui. Andikeni kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama NIDA imeandika "Mwajuma" na yeye husaini "Mwajabu", mwekeni mtu mwingine. Kurekebisha kitambulisho ni safari nyingine kabisa.

Jina la kikundi nalo vivyo hivyo. Neno "Kikundi" likiwa mwanzoni mwa jina kwenye cheti, liwemo kwenye katiba, muhtasari na mhuri. Ndiyo maana mhuri uchongwe baada ya cheti kutoka, si kabla, hata fundi akiwapa bei nzuri.

Halafu masharti ya kutoa pesa. Wekeni watia saini watatu, na muhtasari useme wazi kwamba wawili kati yao wanatosha. Mkiandika "wote watatu", siku mmoja akienda msibani Kasulu hela inalala benki na wazee wanalala njaa. Wasitoke nyumba moja. Saini ziwe zisizobadilika: mzee wa heshima ambaye mkono unatetemeka mpeni uenyekiti, saini mwachieni kijana. Ombeni ujumbe wa simu wa kila muamala uende kwa watu wawili, mmoja wao asiwe mtia saini.

Michango ya simu ipite kwenye lipa namba ya kikundi. Laini ya mtu binafsi mimi siikubali hata awe shehe au mchungaji, kwa sababu siku akikopa salio la dharura mtaanza kusutana.

Hatua ya 5: Kuomba

Msiombe "mchango wowote". Ombeni kitu, na siku yake. "Mzee wangu, tunaomba unga kilo 6, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi." Mwenye mashine ya kusaga hilo analielewa na analimudu. Mwenye mitumbwi mwombeni dagaa, muuza mkaa mwombeni gunia. Pesa taslimu iwe ya kuziba mapengo tu: bodaboda, viungo, sabuni.

Vicoba msivisahau. Vingi vina mfuko wa jamii. Nendeni wiki chache kabla havijavunja, wakati kila mmoja anajua kuna kitu kinakuja. Baada ya kuvunja mtakuta bati zimeshapanda juu ya paa.

Misikitini mwulizeni imamu kama kinachotolewa ni zaka au sadaka. Zaka ina walengwa wake, ihesabuni kwenye daftari peke yake. Sadaka inaweza kuingia chungu cha wote. Ramadhani futari zitakuwa nyingi, kwa hiyo hifadhini unga na mchele kwa Shawwal, mwezi ambao wafadhili wote hupotea pamoja. Upande wa kanisani anzeni na jumuiya ndogondogo, si ofisi ya parokia.

Mwanasiasa akileta mchele, pokeeni na mwandikieni risiti kama wengine. Fulana na kofia zibaki kwenye gari.

Hatua ya 6: Hesabu hadharani

Karatasi moja kila mwezi: nani ametoa nini, sahani ngapi zimetoka, kimebaki nini. Ibandikeni ofisi ya mtaa, msikitini na kanisani. Iandikwe kwa mkono, herufi kubwa, maana wazee wenyewe ndio wasomaji wake wakali. Aliyeahidi na hajaleta msimwandike. Mpigieni simu Jumatatu, ili mpate siku mbili za kutafuta mwingine. Na benki ibaki pesa ya Alhamisi mbili isiyoguswa kwa sababu yoyote, hata ya msiba wa mwanakikundi. Msiba uchangiwe kivyake.