Wikendi Kakamega: agiza kuku kwanza, ndio uingie msitu

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujawaza viatu na kamera: Kakamega chakula kinaagizwa asubuhi. Watu wengi wanatoka Nairobi ama Nakuru, wanaingia msitu saa nne jua likiwa limepanda, wanatoka saa nane njaa imewakaba, wanaketi hotelini na kuulizia kuku wa kienyeji saa hiyo hiyo, halafu wanaletewa broila na chipsi kwa sababu hakuna mtu duniani anaweza kushika kuku, amchinje, amnyonyoe, ambabue kwa moto na amchemshe pole pole ndani ya nusu saa. Wanarudi kwao wakisema chakula cha huku ni cha kawaida. Mimi hiyo huniuma sana, juu kama kuna sehemu Kenya hii unaweza kula vizuri na utembee vizuri siku moja, ni hapa. Lakini lazima ufuate saa za hapa. Alfajiri ni ya msitu, mchana ni ya chungu, alasiri ni ya mvua. Ukigeuza hiyo mpangilio unakosa zote tatu.

Tuanze na kufika. Kutoka Kisumu ni kama kilomita 50, matatu zinapita Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Khayega halafu Kakamega mjini, na ni barabara ya milima milima yenye watu na soko kila kona, kwa hivyo usihesabu ni dakika thelathini. Ukitokea upande wa Nakuru na una gari lako, jaribu kupitia Kapsabet ushukie Chavakali, utapita katikati ya mashamba ya chai ya Nandi na ukipata mtu wa kuaminika akuuzie mursik, kunywa. Ni maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani na mkaa wa mti maalum, yana uchachu na harufu ya moshi, kuna watu hawaipendi mara ya kwanza lakini glasi ya pili huwa hawaikatai.

Sasa msitu wenyewe una milango miwili na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Kusini iko Isecheno, inasimamiwa na KFS, hao watu wa misitu. Unashuka Khayega, unachukua boda kupitia Shinyalu mpaka ndani. Kaskazini iko Buyangu, hiyo ni hifadhi ya KWS, hao watu wa wanyamapori, unafuata barabara ya Kakamega kwenda Webuye halafu unakata kulia. Buyangu unalipa kiingilio kupitia eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, kwa hivyo weka bando na pesa kwa simu ukiwa bado mjini, usingoje mpaka getini. Ukiniuliza ya kwenda mara ya kwanza nakwambia Isecheno, miti yake ni mikubwa zaidi na wenyeji wako karibu, mambo ya chakula yanakuwa rahisi. Buyangu ni nzuri kwa mtu anayetaka ukimya na kupiga kambi, kuna bandas za KWS za bei ya chini za nyasi, na njia ya kwenda maporomoko ya Isiukhu na ile ya Buyangu Hill ziko upande huo. Kwa wale wenye pesa kidogo na wanataka kitanda kizuri na bustani, Rondo iko ndani kabisa upande wa Isecheno, nyumba za mbao za zamani, ila ni kituo cha Kikristo, usiende hapo ukitafuta baa.

Fika Ijumaa jioni. Ukishafika tafuta mwongozaji usiku huo huo, ukubaliane naye bei na saa, na ufanye ile kazi kubwa ya kuagiza. Mahali unapolala muulize mwenyewe nani hupika, utaonyeshwa mama fulani. Ongea naye kwa heshima na uwe wazi. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo mama. Kesho saa saba tungependa kuku wa kienyeji."

"Marahaba. Jogoo ama tembe?"

"Jogoo, lakini asiwe mzee sana. Na mboga za kienyeji, si kabeji."

"Mko wangapi?"

"Wanne."

"Basi nitumie ya kuku leo, nyingine mtamaliza mkila."

Mtumie. Kuku anatafutwa kwa jirani ama sokoni na huyo mama hana sababu ya kuweka pesa yake kwa mgeni ambaye labda hatarudi. Na ukisema unga, sema wa wimbi ama mtama uliochanganywa na muhogo, kwa sababu ukinyamaza atadhani mtu wa mjini anataka ugali mweupe wa dukani na atakupikia huo kwa nia njema kabisa.

Jumamosi amka saa kumi. Ndio, kumi. Mwongozaji akuchukue mpande kilima cha Lirhanda kabla jua halijatoka, na tochi mkononi. Si mlima wa kutisha, mtu wa kawaida anapanda, mwisho mwisho ndio kuna mwinuko. Ukifika juu unangoja tu, ukungu umelala juu ya msitu wote na jua linatokea upande wa milima ya Nandi, na ndege wanaanza mmoja mmoja mpaka inakuwa kelele. Kando ya kilima kuna handaki la zamani la wachimba dhahabu, maana miaka ya 1930 watu walikimbilia Kakamega kutafuta dhahabu, na sai wakaaji wake ni popo. Ukiingia inama na usiwamulike usoni, wako kwao.

Kutoka hapo mpaka saa nne ndio saa za msitu kweli. Hii ndio kipande kilichobaki Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo, ndio maana kuna viumbe huku ambao ukienda Aberdare ama Mau hutawaona. Ndege zaidi ya aina 300. Yule kila mtu anamtaka ni turako mkubwa wa buluu, mkubwa kama kuku, kishungi cheusi, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, na hapai vizuri, anarukaruka kwenye matawi akipanda halafu anajiachilia kuvuka upande mwingine. Usimtafute kwa macho kwanza, msikilize, sauti yake ni nzito na inajirudia. Mbega weusi kwa weupe utawaona bila taabu, kima pia, na wale wadogo wenye mkia mwekundu. Enda pole pole. Kundi la watu kumi wanaopiga stori kwa sauti wataona miti tu, na hata miti yenyewe hawataiona vizuri, kwa hivyo kama mko wengi mjigawe mara mbili na muchukue waongozaji wawili, wenyeji nao wapate kazi.

Mwambie mwongozaji akuonyeshe dawa. Hawa watu wanajua gome la huu linatibu nini, majani ya ule yanafukuza nini, na wengi wamefundishwa na wazee wao. Atakuonyesha pia mukombero, ule mzizi unaotafunwa, una harufu tamu kama vanila na ukali kidogo baadaye. Wauzaji wanao sokoni Kakamega na Khayega wakiwa wameufunga vifungu vifungu. Nunua huko sokoni kwa wenye kuupanda shambani, usimwombe mtu akuchimbulie msituni, umechimbwa sana mpaka ukaadimika, na mzizi ukitolewa wote mmea umekufa.

Mavazi: suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi, gambuti kama kumenyesha. Hii ya soksi si mapambo. Siafu wa Kakamega wanatembea kwa mistari mipana kukatisha njia na ukisimama juu yao ukiangalia ndege, watapanda kimya kimya wakishafika kiunoni ndio wanauma wote kwa pamoja. Nyoka pia wako, wa sumu, wanakaa kwenye majani makavu na wengine mitini, kwa hivyo usitie mkono mahali huoni na usiache njia. Malaria iko huku mwaka mzima, beba dawa ya kupaka na ulale kwa neti. Miezi ya Desemba mpaka Februari ndio yenye mvua kidogo, Aprili na Mei maji ni mengi sana lakini msitu unapendeza, chagua mwenyewe.

Saa saba uko mezani. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio moyo wa safari.

Ingokho inakuja kwenye sufuria ama bakuli kubwa, na mchuzi wake mwepesi, si ule mchuzi mzito wa nyanya na viungo vya paketi. Kuku amebabuliwa kwa moto kwanza kwa hivyo ngozi ina moshi, halafu amechemka mpaka mifupa imetoa mafuta. Supu ndio kipimo. Kunywa supu kabla hujagusa nyama, bila kuongeza chumvi. Ukiona firigisi imewekwa mbele yako usishangae wala usimpe mtoto, kipande hicho kina mwenyewe, kwa Waluhya hupewa mwenye boma ama mgeni wa heshima, na ukipewa wewe umekaribishwa kwelikweli. Shukuru halafu ule.

Mboga usizipite. Mrenda unateleza, ndio ulivyo, na mara nyingi umechanganywa na likhubi, majani ya kunde, ili ushikane. Wanaupika na munyu, chumvi ya asili inayotokana na majivu ya mimea yaliyochujwa kwa maji, hiyo ndio inalainisha majani na kutoa ile ladha ambayo ukipika nyumbani kwako Umoja hutaipata. Saga ni chungu, hapo lazima iwekewe maziwa na ilale, saga ya jana ni tamu kuliko ya leo. Kama kuna tsimbande, njugu mawe, zichukue. Mvua za kwanza zikinyesha kumbekumbe wanatoka na wanakaangwa bila mafuta, mafuta wanayo wenyewe, na mtu akikuletea kisahani usikunje uso, onja. Kula kwa mkono, ugali wa wimbi hauelewani na uma.

Kwa mtu asiyekula nyama kuna mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe. Hicho na chai ya maziwa ni chakula kamili, na ni kizuri pia cha kubeba asubuhi ukipanda Lirhanda.

Saa tisa hivi anga linabadilika. Joto la asubuhi na unyevu wa upande wa ziwa hukutana huku juu na siku nyingi mvua inashuka alasiri, na radi, na wakati mwingine hata mawe. Usibishane nayo. Usiwe chini ya miti mikubwa saa hizo, matawi huanguka. Kaa barazani, itisha chai ama uji wa wimbi, lala kidogo. Mvua ikikatika mwongozaji anaweza kukupeleka matembezi ya usiku, na tochi ukimulika matawini unaweza kubahatika kuona poto, kamnyama ka macho makubwa kanakotembea kama hakana haraka yoyote.

Vileo sasa. Busaa ndio kinywaji cha shughuli za huku: unga wa mahindi unachachishwa, unakarangwa kwenye bati, unachanganywa na kimea cha wimbi, unachujwa. Wazee huinywa pamoja kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Ukialikwa na mwenyeji unayemjua, kwenye shughuli ya kweli, kunywa kidogo na uwaheshimu wazee, usitoe simu kupiga picha bila kuuliza. Chang'aa ni hadithi tofauti na hapa nasema bila kuzunguka: usinywe. Sheria ya 2010 iliondoa ile marufuku ya zamani lakini ikataka leseni na iuzwe kwenye chupa, ile ya kupimiwa kwa glasi kwa mtu usiyemjua haina kipimo chochote, na methanoli imeua na kupofusha watu nchi hii mara nyingi mno. Bia baridi iko mjini, itakutosha.

Jumapili kuna mambo mawili. Uliza mapema kama kuna fahali wanapigana Khayega, Shinyalu ama Malinya, siku hupangwa na wenyeji na hufanyika asubuhi mapema. Fahali kwa fahali, umati unakimbia nao, na ngoma za isukuti, zile UNESCO iliweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Simama nyuma ya mti mnene na usivae viatu vya kuteleza. Kama hakuna, pitia jiwe la Ilesi kando ya barabara ya kurudi Kisumu, lile linalotiririsha maji kama machozi, kuna vijana watakupeleka mpaka chini yake.

Halafu ushuke Kisumu, uende Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya ziwa, mapema mchana. Samaki unachagua ukimwangalia: macho maangavu, matamvua mekundu, nyama ikibonyezwa inarudi. Ngege, yaani tilapia, mzima, akaangwe halafu apikwe kwenye mchuzi, na ugali na osuga, ile mboga ya mnavu. Mbuta, yaani sangara, nayo ni minofu, nzuri kwa watoto kwa sababu ya miiba michache. Akiwa jikoni chukua mashua mzunguke kwenye mafunjo muone viboko kwa mbali, vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha havai, na usitie miguu majini pale ukingoni, kichocho kiko. Kubaliana bei kabla ya kupanda. Mkirudi samaki atakuwa tayari, na kama unaenda Nairobi siku hiyo, kata tiketi ya basi la usiku kabla hujaketi kula, Jumapili jioni viti vinaisha.