Kukuza Ujazo wa Injini ya Subaru Impreza Inapofunguliwa: Namna ya Kuifanya Idumu

Injini ya turbo ya lita 2 ya Impreza ikishafunguliwa na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ikalazwa mezani, mwenye gari karibu kila mara huuliza kama, kwa kuwa kazi kubwa ya kuifungua imekwisha kufanyika, haifai kuikuza ujazo papo hapo. Ni swali la haki, hasa hapa Kampala, mji uliopo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na turbo huchelewa kuamka gari linapotoka kwenye mzunguko wa barabara au linapoanza mlima. Injini iliyokuzwa huvuta hewa zaidi katika kila mzunguko na hivyo huiamsha turbo mapema. Injini hiyo inaweza kudumu, lakini kudumu kwake hutegemea mahali ujazo ulipotoka: ukitoka kwenye mwendo wa pistoni, yaani umbali inaosafiri kutoka chini hadi juu, injini itavumilia, ukitoka kwenye ukuta wa silinda, umekopa kutoka kwenye kitu ambacho hakirudishwi.

Tazama hesabu yenyewe. Injini hiyo ya lita 2, iitwayo EJ20, ina kipenyo cha silinda cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75, na jumla yake ni cc 1,994. Fundi akikereza silinda na kuongeza kipenyo kwa nusu milimita, ujazo unafika takriban cc 2,016, yaani cc 22 tu, kiasi ambacho hakuna dereva atakayekihisi. Lakini ukiacha kipenyo kilivyo na kuweka kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya EJ25 ya turbo, injini ya Subaru ya lita 2.5, yenye mwendo wa milimita 79, unapata takriban cc 2,100 bila kuugusa ukuta. EJ25 yenyewe, yenye kipenyo cha milimita 99.5, inafika cc 2,457, na ndiyo maana wengi huitamani. Hata hivyo, kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake upande ule ule ni milimita 113 katika injini zote mbili, kwa hiyo EJ20 inabakiwa na milimita 21 kati ya tundu na tundu, ilhali EJ25 inabakiwa na milimita 13.5 pekee za kubeba slivu za chuma (mirija inayofanya ukuta wa silinda), aluminiamu, na gasketi ya hedi inayozuia moto wenye shinikizo kubwa. Mimi, kwa gari la barabarani linalotegemewa kumfikisha mtu Mbarara na kumrudisha, huchagua lita 2.1. Kukereza hadi vipimo vya kiwandani vya ziada, yaani milimita 0.25 au 0.50, nakuhesabu kuwa tiba ya silinda iliyolika, wala si njia ya kutafuta nguvu.

Kabla ya kununua hata ringi moja ya pistoni, pima. Bloku nyingi tunazozipata katika soko la vipuri la Kisekka zimetoka kwenye magari yaliyokwisha kutumika Japani, na hakuna anayejua zilizidiwa na joto mara ngapi. Bloku moja niliyoinunua mwenyewe ilionekana safi, mikwaruzo ya kukingamana ya kiwandani ikiwa bado inaonekana vizuri ukutani, nami nikaagiza pistoni kwa imani hiyo. Nilipoingiza kipimo, silinda ya 4 ilisoma milimita 92.01 kwa kufuata urefu wa kranki na 92.09 kwa kukingama. Ilikuwa yai, wala si duara. Pistoni mpya zilikaa kabatini miezi kadhaa nikisubiri bloku nyingine, na tangu siku hiyo sinunui pistoni kabla ya kuandika namba za kila silinda, juu, katikati na chini, kwa pande zote mbili.

Kazi ya kukereza na kusugua ifanywe nusu mbili za bloku zikiwa zimefungwa pamoja kwa nguvu iliyoagizwa, na bamba nene la chuma likiwa limebanwa mahali pa silinda hedi. Bolti zikikazwa huvuta ukuta na kuubadilisha umbo kidogo, kwa hiyo silinda iliyosuguliwa ikiwa huru itakuwa duara mezani na yai ndani ya gari. Mwulize fundi wa mashine kama anayo bamba hilo kabla hujamwachia bloku. Kama hana, tafuta mwingine, hata kama ni mbali zaidi, kwa sababu hakuna ringi inayoweza kusahihisha kosa hilo baadaye. Mkabidhi pia pistoni zenyewe pamoja na karatasi ya mtengenezaji, kwani pistoni za kufua (zilizoundwa kwa kugandamizwa) hupanuka zaidi kwa joto kuliko zile za kusubu (zilizomiminwa kwenye kalibu) na huhitaji nafasi kubwa zaidi kati yake na ukuta.

Kranki ya milimita 79 ina mambo mawili yanayowaponza watu. Kwanza ni beringi inayoizuia kranki isiteleze mbele na nyuma: katika injini za EJ za kizazi cha mwanzo ipo kwenye kiti cha 3, na katika zile zilizofuata ipo kwenye kiti cha 5. Kranki na bloku zisipokuwa za mpangilio mmoja, usizifunge pamoja kwa maneno ya muuzaji kwamba zote ni Subaru. Pili, mwendo ukirefuka kwa milimita 4, pistoni hupanda milimita 2 zaidi juu. Pistoni za kawaida haziwezi kutumika hapo pamoja na konrodi za kawaida, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na kranki. Zinahitajika pistoni ambazo tundu la pini limepandishwa milimita 2, zilizotengenezwa mahususi kwa mchanganyiko huu. Hata ukifanya hivyo na kuacha nafasi ya kuchomea mafuta ilivyokuwa, uwiano wa mgandamizo wa 8.0 kwa 1 utapanda hadi karibu 8.4, kwa sababu hewa nyingi zaidi inabanwa mahali pale pale. Si hatari, lakini ni lazima anayepanga kompyuta ya injini aambiwe.

Kasi ya pistoni nayo hubadilika. Kwa mizunguko 7,500 kwa dakika, pistoni ya mwendo wa milimita 75 husafiri kwa wastani wa mita 18.75 kwa sekunde, na ya milimita 79 husafiri mita 19.75. Ukitaka kasi hiyo ibaki ile ile ya awali, shusha kikomo hadi karibu mizunguko 7,100. Hutapoteza kitu, kwa kuwa faida ya injini hii ipo chini na katikati.

Usafi unahitaji siku nzima. Ikiwa injini ya zamani ilikufa kwa beringi, chembe za chuma zimejificha kwenye pampu ya oili na kwenye kipozaoili. Niliwahi kupitisha petroli katika kipozaoili kilichokuwa kimeoshwa mara tatu, nikakinga kwa kitambaa cheupe, na bado kitambaa kikatoka na tope la kijivu linalometa juani. Kibadilishe, wala usijaribu kukiokoa. Bloku ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, brashi ipite katika kila njia ya oili, kisha ikaushwe kwa hewa na kupakwa oili mara moja kabla ukutu haujashika slivu.

Baada ya kufunga, usiwashe injini kwa mpango wa zamani wa kompyuta. Mafuta yanayohitajika yameongezeka kwa takriban asilimia 5 kwa shinikizo lile lile la turbo, na injini inayokosa mafuta huku ikigonga, yaani mafuta yakilipuka yenyewe ndani ya silinda, huvunja kingo za pistoni kwa dakika chache. Mpango ufanywe hapa hapa, kwa petroli unayoinunua kila wiki, wala usiletwe ukiwa tayari kutoka Ulaya, ambako hewa na mafuta ni tofauti. Rejeta iwe mpya au izibuliwe kabisa, kwani foleni ya Jinja Road mchana huipa injini joto bila upepo. Kichujio cha hewa kikae vizuri bila mwanya hata mdogo: vumbi jekundu la murami, udongo wa barabara zisizo na lami, husaga ringi mpya kama msasa.

Kuhusu kuizoeza injini, watu huiendesha kwa upole mno. Ringi hukaa kwa kusukumwa na shinikizo, kwa hiyo mwendo wa pole na wa namna moja kwenye barabara ya haraka ya Entebbe haufai. Mimi huchukua barabara ya Masaka hadi Kayabwe kwenye mstari wa ikweta na kurudi, nikipanda milima kwa gia ya 3 au ya 4 kwa mafuta ya wastani, kisha nikiachia kabisa pedali ya mafuta wakati wa kushuka, bila kupita mizunguko 4,000. Oili ya kwanza iwe ya kawaida, isiwe ya sintetiki, nayo imwagwe baada ya kilomita 50 hivi, tena kwa 500, na tena kwa 1,500.

Kila unapoimwaga, kata kichujio cha oili, nyoosha karatasi yake na uitazame juani. Unga mwembamba wa kijivu mara ya kwanza ni wa kawaida, na mara ya pili uwe umepungua sana. Ukiona vipande vinavyoshikika kwa kucha, au vyenye rangi ya shaba, usiwashe gari tena hata kulirudisha nyumbani. Fungua sehemu ya chini wakati kranki bado inaweza kuokolewa.