Pedeli za Gari Jipya: Anza na Kiti

Muundi unauma baada ya nusu saa ya foleni, goti la kulia linachoma, kiatu kinagonga ukingo wa breki kila unapoinua mguu kutoka kwenye mafuta. Mara nyingi pedeli haina kosa lolote. Kiti ndicho hakijapangwa.

Kaa ukiwa umesukuma makalio hadi nyuma kabisa. Anza na kimo: pandisha kiti mpaka uione barabara vizuri, lakini ukingo wake wa mbele usibane mapaja. Baada ya hapo ndipo ukisogeze mbele au nyuma. Ukianza na umbali, kimo kikibadilika itabidi uupime tena. Kwenye gari la gia za mkono (manual), kanyaga klachi hadi mwisho. Kwenye otomatiki, kanyaga breki kwa nguvu kama ya kusimama ghafla. Goti lazima libaki limekunjika kidogo. Kipimo cha breki kifanye injini ikiwa inawaka, gia kwenye P na handibreki imefungwa. Injini ikiwa imezimwa, pedeli hukaza baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, ukadhani umbali unatosha kumbe bado.

Usukani uje mwisho. Kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati yake, kwa sababu mfuko wa hewa (airbag) hufumukia hapo.

Sasa kisigino. Kiweke sakafuni usawa wa breki, kisha zungusha unyayo kuelekea kwenye mafuta bila kuinua mguu mzima. Mguu unaoning'inia hewani ndio unaochosha muundi. Kiatu kikinasa chini ya breki, kwanza rudisha kiti nyuma kidogo, halafu jaribu kiatu chembamba zaidi chenye soli isiyoteleza. Ndala na viatu vya kisigino kirefu viache kando. Kuna magari ambayo pedeli zake zimeegemea upande mmoja kuliko kiti, kiuno kikalazimika kujipinda. Hilo kiti hakiliponyi, kwa hiyo lipime kabla ya kununua kwa kuendesha walau nusu saa. Vibao vya chuma vya kubandika juu ya pedeli sivipendi hata kidogo: vikilowa huteleza, na vikilegea huzunguka chini ya mguu.

Mkeka wa dereva ni hatari inayodharauliwa. Mwaka 2009 Toyota iliita mamilioni ya magari yarudishwe kurekebishwa Marekani kwa sababu mkeka uliosogea ungeweza kunasa pedeli ya mafuta. Tumia mmoja tu, usiweke wa mpira juu ya ule wa kiwandani, na uufunge kwenye ndoano zake. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mafuta hadi mwisho uachie: pedeli irudi mara moja bila kugusa mkeka. Chupa ya maji nayo isikae sakafuni upande wa dereva. Ikibingirika chini ya breki, breki haishuki.

Yapo mambo ambayo si ya mkao. Breki laini kama sponji kwa kawaida ina hewa kwenye mfumo. Ikishuka polepole huku umeikanyaga bila kuachia, kuna uvujaji au silinda kuu, ile inayosukuma mafuta ya breki, imechoka, usiendeshe. Ikitetemeka unapofunga breki ghafla, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake, endelea kukanyaga. Ikitetemeka kila unapopunguza mwendo taratibu, disk za breki hazina unene sawa. Kupima kisaidizi cha breki (booster, kinachoongeza nguvu ya mguu wako), zima injini, kanyaga mara tano hadi pedeli ikaze, ishikilie hapo, kisha washa: inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, mpelekee fundi.

Pedeli ya mafuta ikinasa mwendoni, kanyaga breki kwa nguvu mara moja na ushikilie. Usipampu, kwa sababu injini ikivuta mafuta kwa wingi, nguvu ya kisaidizi cha breki hairejei haraka. Weka gia huru (N). Injini itanguruma sana, iache ingurume. Toka barabarani, simama, ndipo uzime. Ukizima mapema usukani unakuwa mzito, na kwenye gari la ufunguo ukiuchomoa usukani hujifunga. Ukishasimama, usiliwashe tena kuliendesha hadi gereji, livutwe.