Gari la otomatiki mlimani: hendibreki kwanza, P baadaye
Kwa wanaoegesha kwenye miinuko ya Bugando, Isamilo au Mabatini jijini Mwanza: usitie P (gia ya kuegesha) halafu ukaachia breki papo hapo. P ndani ya giaboksi ni kijino cha chuma tu kinachonasa kwenye gia moja ili isizunguke. Ukiachia breki, gari linasogea kidogo na uzito wote unalalia kijino hicho. Ndiyo ile asubuhi unatoa P kwa nguvu na unasikia "ta!".

Gari likisimama, mguu ubaki kwenye breki. Tia N (gia huru), vuta hendibreki, kisha achia mguu taratibu hadi gari litulie kwenye hendibreki. Kanyaga tena, ndipo utie P. Wakati wa kuondoka, kanyaga breki, toa P kwanza, hendibreki ifuate.

Hendibreki haishiki? Itengeneze hiyo kabla ya kitu kingine. Kukaza kebo ni kazi ndogo. Kushusha giaboksi ni habari nyingine kabisa (na fundi akishaishusha hakosi cha ziada cha kukuonyesha).

Oili ya giaboksi ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiliendeshe, livutwe hadi gereji.